Vipande Kumi na Viwili kwa Siku

"Vimebaki vingapi?" Mjomba Optatus aliuliza, amelala chali, macho yapo kwenye dari.

Anti Anjelina, mkewe, alichungulia ndani ya kasha la mashine ya barafu. "Vitatu. Na vyenyewe vinatoka jasho."

"Nipe kimoja."

"Ni saa nne asubuhi, Baba Thomas. Ukila sasa hivi, mchana utakula nini?"

"Nisipokila kitakuwa maji. Na maji siruhusiwi. Nipe."

Anti alimwekea kipande ulimini, mjomba akafumba macho. Mimi nikaangalia saa ya ukutani, maana nina tabia ya kupima vitu ambavyo hakuna aliyeniambia nivipime. Dakika sita. Siku za kawaida kipande kimoja kinakaa mdomoni mwake dakika kumi. Hicho kilikuwa kimeshakwisha nusu kabla hakijafika kwake.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi. Wanaoijua Dodoma mwezi wa kumi hawahitaji kuelezwa: mvua bado, upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sukari, na bati la nyumba ukiligusa saa sita unatoa mkono haraka. Bati la kwetu lilikuwa baya zaidi, kwa sababu nyumba yetu ni gari.

Sisemi mzaha. Mjomba wangu aliendesha malori ya watalii miaka ishirini na miwili, Nairobi mpaka maporomoko ya Viktoria, kwenda na kurudi. Safari moja alimkuta mzee wa Kimarekani amekwama barabarani karibu na Chamwino, injini imekufa, ndani ya gari kubwa lenye kitanda, jiko, choo na mapazia. Mjomba alimvuta mpaka mjini, akamtafutia mafundi, akakaa naye mwezi mzima. Injini haikupona. Mzee akapanda ndege kurudi kwao, gari akamwachia mjomba, karatasi zote zimesainiwa. Trekta ndiyo iliyolikokota mpaka kwenye kiwanja cha mjomba huku Mkonze, likaegeshwa pembeni ya nyumba ambayo kuta zake zimeishia madirishani tangu sijazaliwa. "Tunahamia humu kwa muda," mjomba alimwambia Anti. Huo muda una miaka tisa sasa. Mimi niliwakuta humo nilipokuja kuanza kidato cha kwanza, na leo niko cha tatu.

Friji la gari lilikufa zamani, tunatunzia nguo. Kilichobaki kizima ni mashine ya barafu. Ni kasha lenye kimo cha kiti, limejengewa chini ya meza ya jiko, na ndani yake, kwa juu, kuna kitu ambacho mjomba anakiita kichwa. Kichwa kina chano cha chuma chenye vyumba vinane vilivyopinda kama mwezi mchanga. Pembeni kuna mota ndogo. Maji yakishaganda, vidole vya plastiki vinazunguka polepole na kusukuma vipande nje, vinaangukia kwenye ndoo: ko, ko, ko. Kuna pia mkono wa waya unaoning'inia juu ya ndoo. Ndoo ikijaa, barafu inauinua mkono, mashine inanyamaza yenyewe. Mara ya kwanza kuona nilikaa mbele yake saa nzima na mlango wazi, mpaka Anti akaniuliza kama nimelogwa.

Wakati huo barafu ilikuwa starehe. Sasa ni dawa.

Mjomba alikuwa na presha ambayo hakuisikiliza, na mwaka juzi figo zake ziliacha kazi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda hospitali, anafungwa kwenye mashine kwa saa nne, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Kwenye mkono wa kushoto wamemuunganishia mishipa miwili kwa ajili ya hiyo kazi. Ukiweka kidole pale unasikia mtetemo, kama nyuki walio ndani ya debe. Aliwahi kunishikisha. Sikulala vizuri siku hiyo, lakini kesho yake nilimwomba tena.

Kwa sababu hapati mkojo, kila tone analokunywa linabaki mwilini mpaka siku ya kusafishwa. Linaanza miguuni. Likizidi linapanda kwenye mapafu. Daktari amempa nusu lita kwa siku, na ndani ya nusu lita hiyo humohumo umo uji, mchuzi na maji ya kumezea vidonge. Nesi mmoja ndiye aliyeipata akili ya barafu. Aliyeyusha kipande kimoja cha mashine yetu, akakivuta kwa bomba la sindano: mililita kumi na nane. Akampigia mjomba hesabu, vipande kumi na viwili kwa siku, si kumi na vitatu. Fundo la maji linapita tu, alisema, ila barafu inakaa na mtu.

Mwezi wa tatu mjomba alikwenda msibani Chamwino, jua kali, akapewa jagi, akasahau. Au hakusahau. Asubuhi yake tulimpakia kwenye bajaji akiwa amekaa wima kama aliyemeza mti, kwa sababu akilala tu pumzi inakata. Midomo ilikuwa ya kijivu. Daktari alimwambia mbele yetu: "Mzee, safari hii umerudi. Usiizoee."

Ijumaa mpaka Jumatatu ndiyo ngwe ndefu kuliko zote. Na mashine ya barafu ilikufa Jumamosi mchana, ndoo ikiwa na vipande vichache tu.

Anti alikimbilia dukani kununua barafu ya mfuko, ile inayogandishwa kwa ajili ya watoto na wauza samaki. Akaipasua kwa mchi. Mjomba akahesabu vipande vinne, akaridhika, lakini kimoja kilikuwa kama ngumi yangu. Alipokuja kushtuka, ameshakula zaidi ya glasi. Jumapili asubuhi soksi zilikuwa zimemchora alama kwenye vifundo vya miguu, ukibonyeza shimo linabaki. Anti aliliona. Alivuta shuka likafunika.

"Mimi hesabu naiweza," mjomba alisema, kama aliyesikia tunachowaza. "Jicho ndilo siliwezi. Nikiwa na kiu jicho linaniibia. Yudith, vuta lile boksi chini ya kitanda."

Boksi lilikuwa limeandikwa Kiingereza, gundi yake haijafunguliwa. Yule mzee wa Kimarekani alikuwa mtu wa akiba. Ndani kulikuwa na kichwa kipya cha mashine, kimefungwa kwenye plastiki, na fyuzi moja ya kioo. Kichwa kimoja, fyuzi moja. Vitu hivyo havipatikani mjini, havipatikani Arusha, mjomba alishawahi kuulizia.

"Si tumwite fundi?" Anti alisema.

"Fundi gani? Fundi wa friji atataka kwanza aizoee. Nani ana muda wa kungoja aizoee?"

"Mkono wako..."

"Nitatumia wa kulia. Wa kushoto utakaa kama mgeni wa heshima."

Saa saba na nusu alipiga magoti mbele ya kasha. Alizima swichi ya umeme, akafunga bomba dogo linaloleta maji kutoka kwenye tangi la gari. Akatoa ndoo. Vile vipande viwili vilivyobaki alikuwa ameshavimaliza saa sita, na chini ya ndoo palikuwa na maji kidogo. Niliona anavyoyaangalia. Anti naye aliona, akachukua ndoo na kwenda kumwaga nje.

Soketi ya nyaya ilikuwa nyuma kabisa, ndani, mahali ambapo mkono mmoja unafika na jicho halifiki. Mjomba alipapasa, akakuta kibanio chake, akakibonyeza, kikagoma. Akabonyeza tena. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni na nikawaza jambo la ajabu: mwili huu umekatazwa maji na bado unayamwaga.

"Jasho si nafuu, mjomba? Si yanatoka?"

"Yanatoka kijiko, kiu inaingia ndoo. Shika tochi, Bi Maswali."

"Niishike mimi," Anti akasema, akanipokonya tochi, akapiga magoti pembeni yake. Wakawa wawili mbele ya kasha, mabega yamegusana, wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu skrubu ya kushoto. Mimi nikabaki nyuma yao na macho yangu.

Soketi ilikubali. Skrubu mbili za juu zikalegezwa, ya chini ikatoka na kutu. Kichwa cha zamani kikavutwa nje, mjomba akakipitisha juu ya bega bila kugeuka, nikakipokea. Kabla sijakaa nacho akakirudia mara moja: kulikuwa na kikombe cheupe cha kupokelea maji, kimechomekwa nyuma, ambacho kile kipya hakikuja nacho. Akakichomoa taratibu kwa kidole gumba na kukihamishia kwenye kipya. "Hiki ukikisahau," alisema, "maji yanamwagikia kwenye nyaya." Mara mbili kikombe kilimponyoka.

Hapo ndipo tuliposikia kwa nje:

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Anti alifumba macho. "Jumuiya," alinong'ona. "Nilisahau. Leo ni zamu ya wagonjwa."

"Milele amina," mjomba akaitikia, kwa sauti kavu kama gunia.

Walikuwa watano. Mbele alikuwa Mama Evodia, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mwanamke mnene mwenye sauti inayovuka mto, amebeba jagi la juisi ya ukwaju kwa mikono miwili. Nyuma yake Mzee Respicius, karani mstaafu, na kofia yake na fimbo ambayo haihitaji. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikawatolea viti chini ya turubai la gari. Lakini Mama Evodia hakukaa. Alipanda ngazi na kuingiza kichwa mlangoni.

"Ee! Tumekuja kuona mgonjwa, kumbe tumekuja karakana?"

"Namaliza, Mama Evodia. Dakika mbili."

"Kwanza unywe. Hebu jione, mdomo umepasuka kama ardhi ya Bahi. Figo ni bomba, Optatus. Bomba lisipopita maji linaziba." Akashuka kwa wenzake na jagi lake.

Inabidi nieleze. Watu wa jumuiya walijua mjomba anaumwa "presha na figo kidogo". Kwamba hakojoi, kwamba amepangiwa vipande vya barafu, hayo hakuwaambia. Alikuwa na mbinu yake. Kila walipokuja alishika glasi yenye kipande kimoja cha barafu, akiitikisa ilie, akiinua mara mojamoja mdomoni. Watu wakisikia barafu inagonga kioo wanaridhika kwamba mgonjwa anakunywa. Huku kwetu maji ni ya kununua kwa dumu; mtu akikubebea kinywaji kutoka kwake amekubebea kitu. Kukikataa mbele yake ni kumwambia hujakiona alichokifanya. Mjomba alikuwa tayari kufa kuliko kumwambia mtu hivyo. Nasema alikuwa tayari kufa na sijatia chumvi.

Siku hiyo hakuwa na barafu ya kugonga kioo.

Basi akaanza kuharakisha. Mjomba Optatus, mtu ambaye hata baiskeli ya jirani haipandi bila kuizunguka na kuiangalia magurudumu, alianza kuharakisha. Alikiingiza kichwa kipya ndani, akakaza skrubu za juu, ya chini akaikaza nusu. Akasukuma soketi mpaka ikalia. Akachomeka mkono wa waya. Akabadilisha fyuzi, akafungua bomba la maji.

"Anjelina, washa."

Anti alipeleka mkono nyuma ya benchi, kwenye swichi.

Mimi nilikuwa bado nimekikumbatia kichwa cha zamani. Nilikuwa nimekigeuza kuona mota inakaa wapi, nikainusa. Ilinuka kama nywele zilizoungua. Waya wa shaba ulikuwa mweusi, plastiki imevimba na kutoka povu.

"Mjomba."

"Si sasa, Bi Maswali."

"Swali moja tu. Hiki kimekufa na nini?"

"Uzee."

"Uzee unaacha masizi?"

Mjomba hakugeuka. Mgongo wake ndio uliosimama. Kisha akasema polepole sana, "Anjelina. Toa mkono kwenye swichi."

Anti akautoa.

"Nipe hicho." Nikampa. Alikinusa, akakigusa kwa ukucha, masizi yakabaki kwenye ukucha. "Hiki hakikuchoka. Kimeunguzwa. Na aliyekiunguza yumo humu humu ndani ya gari, anasubiri cha pili." Akamtazama mkewe. "Jana nani aligusa umeme?"

Hapo inafaa ujue kwamba vyombo vya gari lile ni vya Kimarekani, na umeme wao ni nusu ya wetu. Kati ya mashine na ukuta kuna boksi zito la chuma, transfoma, linaloupunguza. Bila hilo, ni kama kumfungulia kifaranga maji ya mafuriko.

Anti Anjelina alikuwa amekaa sakafuni, tochi imewaka mapajani mwake mchana kweupe.

"Nilikuwa napiga pasi," alisema. "Kitenge cha jumuiya. Lile boksi lilikuwa linaunguruma na limeziba nafasi, nikalisogeza. Nikamaliza pasi, nikarudisha waya."

"Ukaurudisha wapi?"

"Kwenye ekstensheni. Si ilikuwa inaingia? Ile ya Kichina inameza plagi yoyote." Sauti ilimkatika. "Nilisikia pa! Nikadhani ni soda ya Yudith imedondoka. Mungu wangu, Optatus. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi."

Mjomba aliinama chini ya benchi, tukainama wote. Plagi ya mashine ilikuwa pale, imechomekwa moja kwa moja kwenye ekstensheni, imetulia kama haijafanya kitu. Transfoma lilikuwa kwenye kona, chini ya nguo zilizokunjwa.

Kule nje Mzee Respicius alikuwa anaeleza bei ya saruji.

Anti alianza kulia bila sauti. Mjomba alimwangalia, akamwangalia, kisha akasema, "Miaka ishirini na minne unanipikia na hujaniua. Ulitaka kuniua kwa pasi?"

Anti akampiga kofi la bega, la kulia. Analia na kucheka kwa wakati mmoja, kamasi na yote.

Waliihamishia plagi kwenye transfoma. Mjomba akarudi ndani ya kasha na kuikaza ile skrubu ya chini mpaka mwisho, akaweka kikombe cha chai chenye maji juu ya chano kuona kama kichwa kimekaa sawa, akakiinua kidogo upande mmoja. Kisha akasema, "Haya."

"Washa wewe," Anti akasema. "Mkono wangu una mkosi."

"Aliyeiunguza ndiye aiwashe."

Anti aliwasha akiwa amegeuza uso. Mashine ikakohoa, ikashika mlio wake. Hakukuwa na harufu. Mjomba aliweka kiganja kwenye ubavu wa kasha kama anayepima homa ya mtoto.

Ilikuwa saa tisa kasoro. Kasha lilikuwa la moto kama chumba. Lazima lipoe kwanza, ndipo kichwa kiombe maji, ndipo maji yagande. Itachukua saa mbili, alisema mjomba. Labda tatu.

Alitoka nje kuwasalimia wageni kwa sababu asingeweza kukaa ndani zaidi ya hapo. Kabla hajakaa vizuri, glasi ilikuwa mkononi. Imejaa mpaka ukingoni, ya rangi ya kahawia, na kwa nje imetoka jasho, kwa sababu Mama Evodia ana friji zuri. Wote watano wakamtazama kwa upendo. Nawaambia ukweli, sijawahi kuona kitu cha kutisha kama wale watu watano wanavyotabasamu.

"Kunywa, baba," Mama Evodia akasema. "Yote."

Mjomba aliishika kwa mikono miwili. Ulimi ulitoka, ukagusa mdomo wa chini, ukanata hapo. Akaiinua glasi. Nikaona koo linapanda na kushuka na hakuna kitu ndani yake.

"Baba Thomas," Anti akasema mlangoni.

Ikabaki hewani, glasi ile. Juisi ikammwagikia vidoleni, na yeye akaviangalia vidole kana kwamba vinaweza kulambwa. Kisha akaiweka chini, kwenye mchanga, mbali kidogo, akaisukuma kwa mguu.

"Mama Evodia, nimewadanganya," alisema. "Mimi sikojoi. Mwaka wa pili huu. Nikiinywa hiyo, haina pa kutokea. Inakwenda hapa." Akagusa kifua. "Kesho asubuhi mtakuja tena, lakini mtakuja matangani."

Upepo ulivuta turubai. Mama Evodia alilitazama jagi lake. Kisha akafoka kwa hasira.

"Miezi yote hii ninakamua ukwaju! Ulikuwa unaupeleka wapi?"

"Yudith alikuwa anaumaliza."

Wote wakanigeukia. Sina la kujitetea. Ulikuwa mtamu.

"Optatus, una kiburi," Mama Evodia akasema, na sasa macho yalikuwa yamelowa. "Ungetuacha tukuue kwa mikono yetu, halafu tukuimbie kwaya. Basi. Leo hapa hanywi mtu."

"Mimi nimeshakunywa nusu," Mzee Respicius akasema, glasi mkononi. "Nifanyeje, niiteme?"

Mjomba alicheka mpaka midomo ikachanika na kutoa damu kidogo. "Kunyweni jamani. Kunyweni tu. Nikiona mtu anakunywa roho yangu inatulia." Akaipangusa damu. "Uongo. Hainitulii. Lakini kunyweni."

Hakunywa mtu. Na hawakuondoka. Walisali, wakaimba wimbo mmoja, kisha wakakaa tu, wanasikiliza mashine kupitia mlango uliofunguliwa, kama watu wanaongoja matokeo ya mitihani.

Saa kumi ndiyo ilikuwa mbaya. Jua liliingia chini ya turubai. Mjomba aliacha kuongea, ulimi ulikuwa unagonga meno. Akasimama. "Nakwenda kuangalia mashine," alisema, akaingia ndani peke yake.

Nilisikia mlio wa mashine. Kisha nikasikia bomba la sinki.

Sikumwita mtu. Sijui kwa nini. Nilipanda ngazi kwa vidole. Mjomba alikuwa ameinamia sinki, maji yanamwagika juu ya mkono wake wa kulia, na mashavu yake yalikuwa yamejaa. Amejaza mdomo maji. Aliponiona hakushtuka. Tulitazamana. Nikaona shingo yake, mshipa umesimama. Nilibaki naangalia tufe la koo lake, kama litapanda. Nilihesabu. Sita, saba, nane. Machozi yalimtoka, na mdomo umefungwa.

Akatema.

Akayatema yote, akafunga bomba, akapangusa mdomo kwa taulo mpaka ukakauka. "Umeona?" aliniuliza kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Nimeona."

"Usije ukafikiri ni rahisi."

Akaketi sakafuni mbele ya kasha, mgongo umeegemea mlango wa lile friji la nguo. Mimi nikaketi kando. Anti alikuja, akaketi upande wa pili. Dakika zikapita na hakuna aliyezihesabu, hata mimi. Ndani ya kasha kitu kililia tss, maji yanaingia kwenye chano. Mjomba akafumba macho. Muda mrefu tena. Kisha mota ikaguna, vidole vikaanza kuzunguka kwa uvivu, na:

Ko. Ko, ko.

Kule nje Mama Evodia alipiga kigelegele kama kuna harusi.

Vilikuwa vinane, vyeupe, vimepinda. Anti aliivuta ndoo, akaitazama, kisha akamtazama mjomba kwa huruma. Kwenye karatasi iliyokuja na kichwa ilikuwa imeandikwa, nami ndiye niliyewasomea mchana: barafu ya kwanza hailiwi, ina uchafu wa kiwandani. Itupwe.

"Itupe haraka," mjomba alisema, "kabla sijajifunza kusoma tofauti."

Anti alitoka akaimwaga mchangani. Kuku wa jirani walikuja mbio, wakadonoa, wakaruka nyuma kwa mshangao wa baridi. Tukangoja tena. Jua lilikuwa limeanza kugusa vilima vya magharibi wakati mashine ilipoangusha mara ya pili. Anti aliosha mikono, akachukua kipande kimoja, akakiweka ulimini mwa mumewe.

Mzee Respicius alitoa saa yake ya mfukoni bila kuombwa. Sote, na wageni mlangoni, tulimtazama mdomo. Mjomba hakutafuna. Shavu lilituna upande huu, likatuna upande ule.

"Dakika kumi na moja," Mzee Respicius akatangaza.

"Cha kwanza leo," mjomba akasema. Anti akamkumbusha kwamba ni cha nne, vile vitatu vya asubuhi navyo vinahesabiwa. Wakabishana.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alitoka na fulana safi, vidonge mfukoni. Pumzi ilikuwa fupi kidogo, lakini alishuka ngazi mwenyewe. Alimgombeza dereva wa bajaji kuhusu tairi la nyuma, akamfanya alijaze upepo kwanza, ndipo akapanda. Niliporudi kutoka shule saa kumi nilimkuta anakula ugali na kisamvu kikavu. Hospitali walimpima kabla ya kumfunga kwenye mashine: alikuwa ameongeza kilo mbili na robo tangu Ijumaa. Mwisho wanaomruhusu ni mbili na nusu.

"Nesi aliniuliza nimepitaje wikendi na joto lile," alisema, akichovya tonge.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ameniuliza swali refu, na mimi mdomo wangu bado mkavu."